Maji ya Kwanza

Dada yangu Madeleine alifumba kinywa siku ya Alhamisi saa nane mchana, padri wetu, Abbé Élie, akiwa ameshatandika kitambaa cheupe juu ya kiti. Juu yake mshumaa, chupa ndogo ya mafuta, kisanduku cha ostia, na bilauri ya maji niliyoyachemsha na kuyachuja mara mbili.

"Hapana," alisema yaya, maana kwetu ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Minye sistahili. Kazi yangu haiyaisha."

Asubuhi daktari alikuwa ametuambia tumrudishe nyumbani, moyo umechoka, kesho ni mbali. Kila pumzi yake ilipanda kama mtu anayepanda kilima na beseni kichwani.

Abbé akatoka barazani. "Mama Clémentine, nitangoja. Lakini kinywa cha mtu siwezi kukifungua kwa nguvu."

Parokia yetu yote hapa Likasi inamjua yaya. Alifua vitambaa vya altare miaka thelathini na mmoja. Kitambaa kinachopanguza kalisi hakifuliwi kama shati. Kinalowekwa kwanza peke yake, na maji yale ya kwanza hayamwagwi mferejini, kwa sababu huenda yamebeba chembe ya Mwili wa Bwana. Yanamwagwa kwenye udongo safi. Yaya alikuwa na beseni nyeupe yenye mstari wa bluu kwa kazi hiyo tu, na maji yake aliyamwaga chini ya mlimau nyuma ya sakristia. Ole wako uchume limau lile!

Lakini yeye mwenyewe hakupanda kupokea komunyo miaka ishirini na miwili. Watu walinong'ona mambo ya ndoa. Ijumaa hakula wala hakunywa mpaka jua liingie. Sikuwahi kumuuliza. Siku hiyo nikauliza.

"Yaya, ju ya nini?"

"Funga mulango."

Nikafunga.

"Unakumbuka ile kiangazi robinet za mayi zilikauka siku ine? Mujukuu yetu Carine alikuwa na miezi kumi na sita. Homa ikamupanda, akaanza kurusha miguu, macho nyeupe. Mama yake alikuwa safarini. Mu nyumba hamukuwa mayi, hata ya kulowesha kidole. Ilikuwa tu ile ya beseni."

"Ya vitambaa?"

"Ya vitambaa. Nikamupangusa mwili muzima. Akalamba mukono yangu. Nikamunywesha. Yote, Clémentine! Mayi ya Bwana."

"Na hukuungama?"

"Wangeninyang'anya ile kazi. Nikamwambia Mungu, nitafunga Ijumaa elfu moja na mia mbili. Angalia mukebe."

Chini ya kitanda kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga, umejaa maharagwe, punje moja kwa kila Ijumaa.

"Imebakia hamsini na sita," akasema.

Pumzi ikakatika. Nikahesabu moja, mbili, mpaka saba, ndipo ikarudi. Nje ngurumo zilianza, na nikamsikia abbé akisogeza pikipiki yake chini ya paa. Nilikaa vilevile kwenye kigoda. Yaya ukimsukuma, anajifunga kama konokono.

"Carine alikuwa amekufanyia kazi gani?" nikamuuliza polepole.

"Kazi gani? Alikuwa anakojoa tu."

"Alikuomba mayi?"

"Hakujua hata kusema!"

"Sasa ulimupatia ju ya nini?"

"Alikuwa anaungua!" Alipiga kelele, kikohozi kikamkamata, midomo ikageuka rangi ya majivu.

Nikamwinua mgongo.

Alinitazama. "Weye iko unanitega."

"Eeh, yaya. Nakutega."

"Mujinga," akasema. Halafu: "Muite. Haraka."

Abbé aliingia peke yake kumuungamisha. Mvua ikaanguka juu ya mabati, hatukusikia tena kitu chochote, si sauti yake, si pumzi. Carine, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alisimama mlangoni akikaza kitenge chake, akikilegeza, akikikaza tena.

"Kambo, kama amekufa tutajuaje?" akaniuliza mimi bibi yake.

"Nyamaza, mwanangu."

Mlango ulifunguka. Paji la uso la yaya liling'aa mafuta. Abbé alivunja ostia, akamwekea kichembe kwenye ulimi. Kinywa kilikuwa kimefunguka. Nilikiona.

Kisha akachovya vidole viwili katika bilauri, akaviosha, akanyoosha ile bilauri. Yaya alitoa macho.

"Hii mayi inaenda wapi?"

"Inaenda kwako, mama. Ni desturi. Vidole vyangu vimeshika Mwili wa Bwana, na mugonjwa ndiye anakunywa mayi yake."

"Mugonjwa?"

"Mugonjwa."

Yaya akamtafuta Carine kwa macho. "Shika weye."

Carine akaishika bilauri. Yaya akanywa, pumzi ikakatika katikati, tukangoja, akarudia, akanywa mpaka tone la mwisho, akapangusa mdomo kwa kiganja kama mtoto.

Alikwenda saa kumi na moja, mvua imekatika. Yale maharagwe niliyapika siku ya kilio, watu wapate kula. Ya juu yaliiva vizuri. Ya chini, yale ya zamani, yalikaa motoni mchana mzima yakabaki mawe.