Anayeingia Aseme Kwanza

Kasuku hakutaka ijulikane. Mtu mzima, mpokezi wa ofisi ya bima, miaka arobaini na ushee, afungwe waya za meno kama mtoto wa shule? Ndiyo maana alichagua zile zinazobandikwa upande wa ndani, nyuma ya meno, ambako jicho la mtu halifiki. Daktari alimwonya kwamba ulimi utasumbuka kwa muda. Kasuku akacheka. Jina hilo hakupewa bure. Alipewa na mama yake mzazi, alipoanza kuongea akawa hanyamazi.

Kweli hazikuonekana. Zilisikika. Alipata kithembe cha ghafla, mate yakamjaa mdomoni, ubavu wa ulimi ukachubuka hata ikabidi abandike nta juu ya vyuma ndipo ameze chai. Ofisini wenzake walimwuliza kama anamung'unya kiazi cha moto. Hayo aliyapokea kwa utani, akawajibu kwa ishara za mikono, kazi zikaendelea.

Nyumbani ndiko utani ulikoishia. Mama yake alikuwa haoni. Presha ya macho ilikwisha kumaliza kazi yake zamani, na kisukari kikamwachia vidole vyenye ganzi. Uso hakuuona, mkono hakuutambua. Kumbukumbu nazo zilikuwa za kuja na kuondoka. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na sheria moja: anayeingia chumbani kwa mama aseme kwanza, angali mlangoni. Wifi yake Kasuku, mke wa kaka, alimwogesha mama kila asubuhi na bado akaitwa mgeni. Sauti iliyobaki kichwani mwa yule mzee ilikuwa moja tu, ya Kasuku, na chakula alikipokea kwa mwenye sauti hiyo peke yake.

Jioni aliyotoka kwa daktari, Kasuku alisimama mlangoni na bakuli la supu.

"Thikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi, mama. Kathuku wako."

Mama akageuzia uso ukutani. "Usimwigize mwanangu, dada. Hajakukosea kitu."

Kasuku alirudia polepole. Alirudia kwa kunong'ona. Alibandua nta, akarudia tena, ulimi ukatoka damu. Mama alifumba mdomo. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku zilizofuata pia. Alikubali maji tu, tena kwa shingo upande. Mashavu yakaanza kubonyea. Kasuku akapiga simu kuomba waya zitolewe, akaambiwa daktari amesafiri, avumilie mpaka wiki ijayo. Alilia chooni kazini huku amefungulia bomba. Hakuna aliyemshika mkono kumpeleka kwa daktari. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, kwa ajili ya meno.

Siku moja mama akawa mpole. Akamruhusu yule mgeni mwenye kithembe aketi kitandani.

"Una huruma wewe dada," alisema. "Ila mimi namngoja mwanangu. Ana meno ya mbele yamepandana, ya baba yake kabisa. Akiongea namsikia na marehemu humo humo. Usije ukamwambia. Anayaonea aibu."

Kasuku aliuma mto wa mama yake ili asisikike akilia.

Wifi ndiye aliyekuja na wazo. "Si kuna zile sauti ulizokuwa ukinitumia kwenye simu, siku ukichelewa kazini, nimsikilizishe mama?"

Kasuku hakungoja aambiwe mara ya pili. Akapasha supu moto, akachota kijiko, akaisogeza simu karibu na sikio la mama. Hakuisikiliza kwanza. Angeisikiliza ya nini, na ni sauti yake mwenyewe?

"Mama, ni mimi, Kasuku wako. Leo kazi zimenibana, lakini nakuja."

Uso wa mama ulifunguka wote. "Eh, mwanangu," alisema, machozi yakamtoka, na mdomo ukabaki wazi. Kasuku akakipeleka kijiko. Kilikuwa kimeshagusa mdomo wa chini wakati simu ilipomalizia:

"Usianze kula bila mimi. Nisubiri, tule wote."

Mama akafumba mdomo. Supu ikamchuruzika kidevuni.

"Ondoa kijiko, dada. Umesikia mwenyewe."

"Mama, tafadhali. Kidogo tu."

"Nitakula akija. Hajawahi kunidanganya huyo. Wewe nenda kapumzike, umekaa sana. Ila mlango usiufunge, asije akadhani nimelala."

Kasuku akampangusa kidevu, akainuka. Alipofika kizingitini akaketi sakafuni na bakuli mapajani. Hakusema kitu, maana angefungua tu mdomo angekuwa mgeni tena. Mama alikuwa amejiweka sawa kitandani, uso ameuelekeza mlangoni, sikio amelitega, anatabasamu. Supu ikapoa. Kasuku akaendelea kukaa pale pale, karibu kabisa, akisubiriwa.