Mteja wa Kweli

Mimi mtu akifika kaunta kwangu amenuna, namuuliza nani kamkanyaga. Akilalamika kahawa ya jana ilikuwa nyepesi, namkumbusha kwamba jana alikuja tunafunga, akang'ang'ania tone la mwisho. Na akikalia kikombe kimoja tangu asubuhi hadi mchana, napita na kitambaa, nafuta meza yake hadi chini ya viwiko. Ndivyo nilivyo. Marehemu mama aliyeanzisha mgahawa huu wa kahawa alikuwa hivyo hivyo, na siku ya kumzika mtaa mzima ulifunga maduka.

Mdogo wangu wa kiume hakurithi mdomo. Yeye alirithi tabasamu. Tangu mama aondoke, mimi napika kahawa na kusimama kaunta, yeye anashughulika na leseni, bomba la maji, umeme, na wale mabwana wa ukaguzi wanaokagua zaidi sahani za keki. Namwita Mkurugenzi, na hadi leo anadhani ni heshima.

Siku moja alikuja na karatasi, akaibandika ukutani juu ya kaunta yangu bila kuniuliza. Ilikuwa na kile kimraba cha madoadoa cha kupigwa picha na simu, na chini yake: "Mteja wetu mpendwa, tupe maoni yako."

"Ni nini hiki?" nikauliza.

"Biashara ya sasa ni maoni, dada. Mteja anaandika kwenye simu, hataji jina lake, anatoa nyota. Tano ni safi, moja ni mbaya."

"Akiwa na maoni si aniambie? Si nimesimama hapa?"

"Wanakuogopa."

"Wananiogopa halafu wanarudi kila siku?"

Akatabasamu. Likija lile tabasamu ujue kuna jambo nyuma yake. Akaanza kuzungukazunguka, mara wifi yako anakusalimu, mara wifi yako amemaliza mafunzo, mpaka nikamwambia aseme au anipishe nioshe vikombe. Ndipo akasema mkewe anaitaka kaunta.

"Sisemi mimi," akaongeza haraka. "Tuwaachie wateja. Mwisho wa mwezi tunakaa, tunasoma maoni mbele ya wote. Wakikutaka, unabaki. Wasipokutaka, unapumzika nyumbani, wifi yako anashika."

Kupumzika. Mimi nikikaa nyumbani siku moja nafua mapazia ambayo hayajachafuka. Sina mume, sina mtoto, na sijawahi kulia kwa sababu hiyo, maana kila asubuhi nilikuwa na mahali pa kwenda kugombana na watu. Kaunta ile ndiyo ilikuwa nyumba yangu. Nyumbani nilikuwa naenda kulala tu.

Huyo wifi, nisimwonee, si mtu mbaya. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kuchora jani juu ya povu la maziwa. Alinionyesha. Lilitoka kama sikio. Nikamwambia ni sikio zuri, akacheka, nami nikajua tatizo si yeye.

Basi maoni yakaanza kumiminika. Kila jioni Mkurugenzi ananisomea, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. Wateja walijipa majina ya ajabu, lakini mimi ni mtu wa kaunta. Nawajua hata kwa wanavyokohoa.

Kulikuwa na mmoja anayejiita Mfalme. Nyota mbili. "Huduma ya kaunta inahitaji kuboreshwa." Huyo alikuwa kinyozi wa hapo ng'ambo, yule yule ambaye asubuhi ile alikuwa ameniambia kahawa yangu inafufua maiti. Kinyozi ambaye nusu ya mtaa wana alama zake shingoni, leo naye anazungumzia huduma.

Mwingine alijiita Mpenda Haki. "Viti vigumu, na mhudumu huingilia mazungumzo ya wateja." Nani kama si dalali wa nyumba? Kosa langu lilikuwa moja: aliwaleta pale vijana wawili waliooana juzi, akawa anawasifia nyumba, nami nilipokuwa nawawekea sukari nikawauliza kama wanapenda kulala na ndoo, maana paa la nyumba ile lavuja. Huko ndiko kuingilia mazungumzo.

Muuguzi wa zahanati alitoa nyota tatu. "Kahawa ni ya moto sana." Sasa alitaka iwe na homa ya wastani?

Nikaona isiwe tabu. Kila mtu nitamhudumia maoni yake. Muuguzi nikampoozea kikombe dirishani mpaka kikaota utando, ndipo nikampelekea. Dalali sikumwambia neno, hata alipoketi juu ya kofia yake mwenyewe. Kinyozi nikampokea kwa sauti ya kwenye simu za benki: "Karibu sana, mteja wetu mpendwa. Tukusaidie nini siku ya leo?" Akaniuliza kama naumwa. Na wote watatu, kila nilipowauliza kahawa ikoje, walijibu kwa pamoja kama darasa la kwanza: nzuri sana, dada.

Hao walinikera tu. Aliyeniumiza ni mwingine.

Alijiita Mteja wa Kweli. Nyota moja. "Dada huyu amechoka, na uchungu wa moyo wake unaonjeka ndani ya kikombe. Itakuwa ni kumheshimu akipumzishwa. Nafasi yake ishikwe na mtu mwenye tabasamu."

Nilimwambia Mkurugenzi arudie kusoma. Akarudia, macho chini. Usiku huo sikula. Uchungu wa moyo wangu? Nilijitazama kwenye kioo nikajiuliza kama kweli watu wanauona, na kama mama naye angeuona.

Asubuhi nikawa na jibu. Lugha iliyonyooka namna ile, mtaa huu anayo mmoja: mwalimu mstaafu wa pale dirishani. Mzee huyu amekaa dirisha lile tangu enzi za mama, anasoma gazeti hadi matangazo ya vifo, na mimi namwamkia shikamoo kwa moyo wote. Kumbe ananisengenya kimya kimya. Nikakiondoa kiti chake, nikamwekea kile kinachochechemea. Kahawa yake nikawa naichota chini kabisa, kwenye machicha. Alikunywa, akatafuna, akasema, "Asante, binti yangu." Baada ya siku kadhaa akaacha kuja. Nikajisemea, dhamiri imemsuta.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mkurugenzi alipanga viti kama kwenye harusi na kuwaalika wateja wote, hata mwalimu, aliyeingia taratibu na kwenda kukaa mwenyewe kwenye kile kiti kinachochechemea. Mimi nilibaki nyuma ya kaunta, aproni nimeikaza, mikono juu ya mbao. Kusoma alipewa wifi. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, na nilimwona ana woga kunishinda.

Akasoma ya Mfalme. Kinyozi akawa anakagua kucha zake. Akasoma ya Mpenda Haki, dalali akainamia kikombe kana kwamba ameangusha kitu ndani. Akasoma yale ya Mteja wa Kweli, na mimi nikamkodolea mwalimu. Mzee aliinua kichwa, uso umejaa masikitiko, akasema kwa sauti ya chini, "Nani huyu asiye na adabu?"

Hapo nikaanza kuingiwa na baridi.

"Meseji zimetosha," Mkurugenzi akasema, akinyoosha mkono apewe simu. "Iliyobaki si lazima, mama watoto."

"Hapana, zisomwe zote," wifi akasema. "Nisije nikaambiwa nimependelewa. Hii imeingia leo asubuhi. Mteja wa Kweli tena." Akasoma: "Nyota moja. Na mjue kwamba kahawa hiyo huchemshwa na maganda ya mayai, alfajiri, mlango ukiwa umefungwa. Je, huo ndio usafi?" Akaangua kicheko. "Jamani, watu wana uzushi. Wifi, umesikia? Maganda ya mayai."

Hakuna aliyecheka naye, kwa sababu mimi sikucheka.

Niwaeleze. Ni kweli. Mama alikuwa anaosha maganda ya mayai kwa maji ya moto, anayakausha juu ya jiko, anayaponda, anayafunga ndani ya kitambaa safi na kukitumbukiza kwenye birika kubwa. Yanaondoa ukali. Hiyo ndiyo sababu kahawa yetu inateleza, na sababu watu wanavuka mitaa kuja kuinywa. Alituonyesha tungali wadogo, mlango umefungwa, akatuapisha tusimwambie mtu, hata tutakaooana nao. Kiapo hicho tuliapa wawili.

Muuguzi aliweka kikombe chini. "Dada, ni kweli?"

Ningeweza kukana. Uzushi, ningesema, na wangeniamini. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anatabasamu, maskini, lile tabasamu lilikuwa limemkwama usoni hajui pa kulipeleka.

"Ni kweli," nikasema. "Yanaoshwa, yanakaushwa, yanapondwa. Mnayanywa tangu enzi za mama, na mlikuwa mnaomba mwongezwe."

Kinyozi akashika koo. Dalali akamsogezea jirani kikombe chake kama vile si chake. Mwalimu peke yake aliinua chake, akamaliza kilichobaki, akafuta midomo.

"Mwalimu," nikamwambia, "nisamehe kwa kiti. Na kwa machicha. Nilidhani ni wewe."

"Nilidhani ni uhaba," akasema mzee.

"Sasa jambo moja tu," nikawageukia wote. "Maganda hayo walionyeshwa watu wawili duniani. Mmoja ni mimi, na mimi sijajipa nyota moja."

Wifi ndiye aliyeelewa kwanza. Alimwangalia mumewe, akaiangalia simu, akaiweka mezani polepole. Loo, nilimwonea huruma. Kaunta alikuwa anaitaka, lakini hakuitaka namna hiyo.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Ningekuambiaje, dada?"

"Kwa mdomo. Nami ningekujibu kwa mdomo, tungegombana, tukamaliza."

Alikuwa ameuza siri ya mama na jina langu kwa mkupuo mmoja, ili tu asigombane nami. Iliniuma kuliko neno lolote nililowahi kuambiwa pale. Nikafungua aproni, nikaikunja, nikampa wifi mkononi. "Kesho upike wewe. Bila maganda, wasije wakakufia."

Kesho yake nikaja kama mteja. Nilirudisha kiti cha mwalimu dirishani, nikavuta changu, nikakaa karibu naye. Wote walikuwepo, umbea nao una ratiba yake. Wifi akatuletea vikombe, kila kimoja na sikio lake juu ya povu. Nikaonja. Kahawa ilikuwa kali, inakwaruza hadi kifuani. Nikawatazama. Kinyozi alikunja uso kama mtoto anayepewa dawa, Mkurugenzi akapita, kinyozi akasema, "Nzuri sana." Dalali naye nzuri sana. Muuguzi nzuri sana, na hivi leo si ya moto mno. Vikombe vilibaki vimejaa, vinaota utando.

Mdogo wangu akafika mezani kwetu. Macho yamemvimba, naona hakulala.

"Unaionaje, dada?"

Nikamwangalia usoni, nikatabasamu. Mimi pia kumbe ninalo. Ni lile lile lake, tumelitoa kwa baba mmoja.

"Nzuri sana," nikasema.

Akatazama kikombe changu. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Akasimama pale, anasugua viganja, akitazama kikombe na kunitazama mimi.

"Dada, si unitukane tu."

"Nikutukane kwa nini? Nzuri sana."

"Nitukane, dada. Nakuomba."

"Maoni yangu," nikamwambia, "utayasoma kwenye simu."

Nilipoinuka kuondoka, wifi akaniita kutoka nyuma ya kaunta. Alikuwa ameonja kahawa yake mwenyewe, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Wifi, hii ni mbaya," akasema kwa sauti, mbele ya wote. "Hayo maganda yanapondwa laini au yanaachwa mapandemapande?"

Ndiye mtu wa kwanza kusema kweli kwenye mgahawa ule mwezi mzima. Nikazunguka kaunta, nikavaa aproni yangu, nikamwonyesha, mlango ukiwa wazi na kinyozi akirefusha shingo aone. Siku hizi tunasimama wawili. Yeye anachora masikio, mimi nafuta meza chini ya viwiko vya watu, na vikombe vinarudi vitupu.

Mkurugenzi ananisalimia kila asubuhi, nami naitikia vizuri, bila kumtania hata kidogo. Kisha anakwenda kukaa pembeni, anafungua simu na kutazama maoni mapya. Sijaandika kitu.