Kivuli cha Meza ya Saba

Saa nne na robo asubuhi, kamati ya kivuli ilikaa kikao chake cha kumi na nne. Kiwanda chetu cha nguo kina paa la kioo linalopendeza sana pichani, na chini yake cherehani arobaini zinazochomwa na jua. Sisi wajumbe, watu wazima na akili zetu, tulijifungia kwenye chumba chenye dari na kiyoyozi, tukipima vitambaa vya pazia kwa kuviinua mbele ya taa. Tulikuwa tumekwama kwenye rangi: krimu au kijivu.

Fundi wa mapazia alikuja kutushauri. "Jua likishapita kioo, limeshaingia," alisema. "Wekeni kivuli nje, juu ya paa. Mkiweka ndani mtakuwa mmefunika sufuria tu." Tulimshukuru, tukarudi kwenye krimu.

Wakati huo mshonaji wa meza ya saba alikuwa ameshazirai mara mbili. Msimamizi alimwambia wazi, "Dada, ya tatu utapumzika nyumbani moja kwa moja." Dada huyo ana mama mgonjwa anayemtegemea yeye tu.

Jumatano, saa sita kasoro, kivuli cha mshonaji huyo kilitoka chini ya kiti, kikapanda ukuta, kikapenya dirisha la juu na kujitandaza nje, juu ya paa, palepale aliposema fundi. Joto likashuka. Wenzake wakamwambia asante, wakaendelea na kola. Ila kivuli hakimfuniki mwenyewe, kwa hiyo juu ya meza ya saba likabaki tundu la jua la ukubwa wa mtu. Tulimhamishia meza ya ishirini. Tundu likamfuata.

Mwenyekiti wetu alikitazama kivuli kule juu. "Kijivu," alisema. Tukapeana mikono, maana miaka miwili ya vikao si mchezo.

Mshonaji wa jirani aliniuliza, "Katibu, na huyu dada je?" Nikaliandika hilo chini ya mengineyo.

Ijumaa dada huyo alizirai mara ya tatu. Alipozinduka, msimamizi alitimiza ahadi yake. Dada alichukua mkoba na kukiita kivuli chake, nacho kikateremka hadi langoni. Mlinzi alifungua daftari.

"Samahani, dada. Hiki nimeandikiwa ni mali ya kiwanda."

"Nani kaandika?"

Mlinzi alimwonyesha. Ulikuwa mwandiko wangu.

"Haya," alisema, akavuka barabara juani, peke yake kabisa. Kivuli kilirudi juu na tundu likaziba. Nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba kazi ya kamati imekamilika. Wajumbe wote waliusifu mwandiko.