Kola ya Muhuri Mwekundu

Fundi alikuwa kwenye kola ya arobaini na moja, sare za shule zinazochukuliwa saa kumi, dalali wa mahakama alipoingia na wapagazi wawili.

"Dada, toa mguu kwenye pedali. Hiyo cherehani inaondoka."

"Inaondoka? Ina safari ya wapi?"

Dalali hakucheka. Alisoma karatasi yake: bosi wa zamani wa fundi, yule wa ng'ambo ya mpaka, alimshtaki kule akidai cherehani ni yake. Fundi aliitwa, hakutokea, hukumu ikatolewa ya upande mmoja. Mahakama ya huku imekwisha kuisajili. Iliyobaki ni kutekeleza.

"Niliitwa na nani? Kule nilihama miaka miwili iliyopita! Na risiti ninayo, nilinunua mwenyewe."

"Wito ulibandikwa mlangoni, pale ulipokuwa ukishonea. Kisheria umeitwa. Risiti ungeipeleka kule."

Mlangoni! Chumba kile alikirithi wifi yake, naye kwa kila basi la Jumamosi humtumia fundi makaratasi magumu ya kukatia vipimo: kalenda kuukuu, matangazo. Wifi naye hachambui, kilichobandikwa, hubandua. Fundi alitungua msumarini kola ya karatasi aliyokatia sare zote hizi, akaigeuza. Nusu ya muhuri mwekundu. *Afike bila kukosa.*

"Ona, mzee. Ndio huu! Umenijia na takataka, nikaukata kola. Ningejuaje?"

Dalali aliichukua, akaitia kwenye bahasha. "Kumbe uliupata."

"Niliupata kama karatasi ya kukatia!"

"Hayo kamwambie hakimu."

"Hakimu yupi?"

"Wa kule. Ila muda wa kupinga ulikwisha mwezi uliopita."

Mpagazi mmoja alikata uzi, kola ikaanguka sakafuni. Dalali alimpa fundi fomu atie sahihi. Penye jina lake palikwisha kupigwa chapa: *Mdaiwa hakuwepo.*

"Loo! Na mimi niliyesimama hapa ni nani?"

"Fomu zinaandaliwa ofisini asubuhi. Tia sahihi, dada, usinicheleweshe."

Hakutia. Alichukua chaki ya kuchoria nguo, akaandika ubavuni mwa cherehani, wapagazi wamekwisha kuinyanyua, akikandamiza kwa hasira: NIPO.

"Futa hiyo," dalali alimwambia mpagazi wa mbele.

"Mikono imejaa, bosi," mpagazi akajibu, akatoka nayo hivyo hivyo.