Viti Viwili vya Marehemu Askew

Winifred Askew hakuketi. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka karakana ya Bwana Metcalfe, fundi wa samani za kale, akigusa hiki, akiinua kile, huku mdogo wake Judith akinywa chai kwa utulivu uliomkera.

Viti viwili vya mikono vilikuwa vimepinduliwa mezani, miguu juu. Baba yao, aliyekuwa seremala, alimwachia kila binti kimoja, akafa bila kusema kipi ni cha kale na kipi ni nakala aliyoitengeneza mwenyewe. Sasa jumba la Scarrow, kilikotoka kile cha kale, lilikitaka kirudi ukumbini, na jina la mtoaji lichongwe kwenye kibao. Kwa miaka Winifred alikuwa amewaambia majirani kwamba cha kweli ni chake.

"Mgongo wa kiti chako ni wa kale, pamoja na mikono," Metcalfe alimwambia. Akamwonyesha umbo la yai la mgongo huo, mashada ya majani, na mtungi uliochongwa katikati: mambo ambayo wasanifu wa Kiingereza waliyanakili kutoka magofu ya Roma wakayaleta kwao, yapata miaka mia mbili na hamsini iliyopita.

Winifred akashusha pumzi.

"Lakini miguu yake ni ya juzi."

Miguu ya kale, iliyonyooka na kutiwa michirizi kama nguzo za hekalu, ilikuwa kwenye kiti cha Judith, pamoja na fremu ya kukalia. Ndani ya fremu hiyo yalikuwapo bado mapengo madogo ambamo mafundi wa zamani walikazia vibano gundi ikikauka. Mzee alikuwa amekitenganisha kiti kimoja, akamgawia kila binti nusu, na nusu zilizokosekana akazichonga mwenyewe.

"Baba alitujua," Judith alisema.

Metcalfe alisema nusu za kale zaweza kuunganishwa tena, kiti kikarudi Scarrow kizima. Winifred alikwenda mpaka dirishani, akarudi. Akakubali majina mawili, ila lake litangulie.

"Litangulie," Judith akasema. "Kichwa bila miguu kitafika wapi, dada?"

Winifred alikuwa akitazama vitakavyobaki: mgongo, mikono, fremu, miguu, vyote vikiwa na alama za patasi ya baba yao. Vikiunganishwa, navyo vitakuwa kiti kamili.

"Na hiki cha baba," aliuliza, "nani anakichukua?"

Utulivu ukamtoka Judith; akaweka kikombe chini, akasimama.