Skima ya Mugunga Inapohamia Mjini

Mpumbavu wa siku ile alikuwa Kambale Honoré, na hata yeye hakatai. Alikuwa amepewa kazi ya kuunganisha skima mbili za XML, yaani maelezo yanayoifundisha mashine faili la mgonjwa liweje. Moja ilikuwa yake, ya hospitali ya mjini. Nyingine ya kituo cha afya cha Mugunga, kazi ya mwenzake wa ofisi hiyo hiyo, Vanessa. Kila skima ilikuwa na espace de noms yake, anwani ndefu inayosema maneno haya ni ya nyumba gani.

"Ingiza yangu pamoja na anwani yake," Vanessa alimwambia. "Usiiguse."

Honoré akaona huo ni uchafu. Akafuta anwani ya Mugunga, akabandika ya hospitali. Mashine ikagoma, maana skima zote mbili zilikuwa na neno "dose": mjini ni dawa iliyoagizwa na daktari, Mugunga ni dawa ambayo mgonjwa amekwisha kupewa. Nyumba moja, "dose" mbili, haiwezekani. Akafuta na "dose" ya Vanessa. Akajaribu kwa faili alilolitunga mwenyewe, likapita, akaenda kunywa chai kifua mbele.

Chai haijapoa, akaitwa na Mama Thérèse, muuguzi wa watoto. Mtoto wa mama mmoja, Bénita, ameletwa kutoka Mugunga anachemka kwa malaria, faili lake limefika, mashine imekataa kulifungua. Simu za Mugunga zimekatika. Bénita anajua mwanawe alichomwa sindano. Ya nini, hajui.

"Papa Honoré, nimuchome tena ao ningoje?"

Honoré akasoma lalamiko la mashine: anwani hii siijui. Ile ile aliyoifuta kwa mkono wake. Vanessa akaja kusimama nyuma yake, hakucheka, na hilo likamuuma kuliko kicheko.

"Rudisha anwani ya kwao," akasema taratibu. "Iingize vile iko."

Akairudisha, pamoja na neno lake. "Dose" mbili zikakaa pamoja bila ugomvi, kila moja na anwani yake, na faili likafunguka: mtoto alichomwa ya malaria asubuhi ile ile. Mama Thérèse akaweka sindano chini. Bénita akamfunika mwanawe vizuri, akafumba macho kidogo.

Ungedhani Honoré angenyamaza.

"Lakini kusema kweli," akaanza, "anwani moja ingekuwa safi zaidi."

"Ameanza tena," Vanessa akasema.

"Minasema tu. Neno moja mara mbili, itachanganya batu."

Mama Thérèse, mtu wa Butembo kama yeye, hakuinua hata macho kutoka kwa mtoto.

"Kambale, kwetu kila mama mwenye kijana wa pili iko na Kambale wake. Mama yako alikufuta sababu jirani iko na wake?"