Neno la Mjane

Studio nzima ilikuwa imekwama kwa neno moja, na mwenye kulitafuta alikuwa Kasuku, mfasiri wa tamthilia za Kihispania. Kipindi kilikuwa kirushwe jioni hiyo hiyo.

Kwenye skrini, mjane anafungua mlango na kumkuta mumewe, aliyezikwa kipindi cha pili, kasimama na maua mkononi. Mjane anapayuka: "¡Anda ya!" Ukilifuata neno kwa neno, ni kama "tembea sasa".

"Mtu kafufuka, halafu namwambia atembee?" aliuliza mwigizaji wa sauti. "Si atarudi kaburini!"

Fundi mitambo, nyuma ya kioo, alicheka mpaka akakohoa.

Kasuku alitaka neno la kutoamini, tena linaloendana na midomo ya mjane. Alijaribu "Siamini!" Pale mjane alipoachama, mwigizaji akafumba midomo. "Mungu wangu wee!" Mjane kanyamaza zamani, sauti bado inaendelea. "Toka hapa!" Masikini mume akaonekana anafukuzwa.

"Mwenzangu, koo linanikauka," mwigizaji alilalamika.

Simu ya Kasuku ikatetemeka mezani. Alikuwa kaka yake, aliyeshinda hospitali na mkewe tangu alfajiri.

"Dada! Wifi yako kajifungua!"

"Mungu mkubwa! Mtoto gani?"

"Watoto! Mapacha!"

"Ah, wapi!"

"Haki ya nani! Wa pili alikuwa kajibanza nyuma ya mwenzake, hata daktari kashtuka!"

Kasuku alipogeuka, mwigizaji alikuwa amemkodolea macho.

"Hebu rudia ulivyosema."

"Mapacha?"

"Siyo hilo. Lile ulilomjibu."

Kasuku akalitamka polepole, kiganja kikiwa mdomoni kuupima. Ah, wapi. Likaanza kinywa wazi, na lilikuwa fupi vilevile. "Rudisha picha!" akamwambia fundi.

Mlango. Maua. Mjane.

"Ah, wapi!" mwigizaji akapayuka. Likaingia kama upanga alani mwake.

Wote watatu wakapiga kelele. Fundi alipiga kioo kwa viganja viwili, mwigizaji akamkumbatia Kasuku na waya za vipokea sauti zikawafunga pamoja.

"Dada, upo?" sauti ya kaka ikauliza simuni. "Mbona mnashangilia kuliko sisi wenye watoto?"

"Nipo, nakuja!"

Hakungoja lifti. Alishuka ngazi mbio, akimtangazia kila aliyepishana naye: "Mapacha! Mapacha!"

Mlinzi wa getini akamtazama juu mpaka chini, jinsi alivyo mwembamba. "Wako?"

"Wetu!" akajibu, tayari yuko barabarani.